Mistari Saba Kwenye Ubao wa Mapadri

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ukatekista lilikuwa kutumia rangi ya mafuta mahali pa chaki. Chaki ilikuwepo, kipande kizima, ndani ya kopo la biskuti kule sakristia. Lakini chaki hufutika, nami nilikuwa na hakika kwamba nilichokuwa nakiandika hakitahitaji kufutwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na parokia yetu, yenye kanisa la matofali juu ya kilima upande wa Kanoni, ilikuwa imempata padri mpya kutoka Ulaya. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu na kiko, na alipenda kujua idadi ya kila kitu. Alijua idadi ya mabati juu ya paa. Siku moja baada ya misa aliniuliza, "Mwalimu, vijana wetu wangapi wako seminari?"

"Wengi, Padri," nikasema.

Akatoa kiko mdomoni. "Wengi si idadi. Askofu ananiuliza parokia hii itampa mapadri wangapi, na siwezi kumwandikia 'wengi'."

Sikula vizuri siku mbili. Lazima nieleze kwa nini. Mimi sikukanyaga shule. Herufi nilijifunza mwenyewe, kwa katekisimu ya marehemu baba na vipande vya gazeti vilivyofungiwa chumvi dukani. Kwa hiyo kila ninachoandika nakiandika mara tatu, nikihofia kwamba mtu aliyesoma atapita na kucheka. Hata ukurasa huu ni wa tatu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "si idadi" na Padri, hulichukua neno hilo akalala nalo.

Na niungame jambo jingine hapa hapa, lisije likanisumbua mbele ya safari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba kwenda seminari. Padri aliyetangulia alinipima kwa macho, akaniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikamjibu kwamba sikuwa na darasa, nilikuwa na kitabu. Alicheka kwa upole, akasema nimechelewa. Akanipa ukatekista, kama mwenye nyumba anavyompa mgeni kahawa ya kutafuna wakati chakula kinapikwa. Kahawa niliitafuna. Chakula hakikuja.

Basi nikaitafuta idadi. Parokia ilikuwa kubwa mno, kutoka Rugu hadi kule Bugomora, na nilitembea wiki mbili kuvizunguka vigango, yale makanisa madogo ya nyasi ambako Padri alifika mara chache kwa mwaka. Nilirudi na jibu kamili: Kanoni vijana watatu, Rugu watatu, Bugomora mmoja. Saba.

Ningeweza kumwambia Padri "saba" na kwenda kulima. Lakini sikuumbwa hivyo. Nilichukua kifuniko cha sanduku la divai ya misa, nikakipaka masizi ya jikoni mpaka kikawa cheusi tititi, kisha nikachukua rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki walipopaka madirisha ya kanisa. Kila kijana nikampigia mstari mmoja, urefu wa shubiri, chini ya jina la kilima chake. Mstari wa pili wa Rugu ulipinda kidogo, nikaufuta ungali mbichi, nikaanza ubao wote upya. Siku ya Jumamosi nikautundika kando ya mlango wa kanisa, nikarudi nyuma hatua kumi, nikautazama. Nilihisi kama nimewapa upadrisho mimi mwenyewe.

Mpishi wa misheni alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa Mhaya wa upande wa Muleba, mwenye ulimi usio na kizuizi.

"Saba tu?" akasema. "Kwetu mapadri wanatua kama senene. Unaenda na kikapu tu."

"Hawa ni wa mwanzo," nikamjibu.

"Na umewapaka kwa rangi ya dirisha. Wakirudi je?"

"Warudi wapi?"

Akarudi kwenye sufuria zake.

Jumapili baada ya misa nilisimama na fimbo mbele ya watu wote, nikaanza kuhesabu kwa sauti, nikigusa kila mstari. "Kanoni! Mmoja! Wawili! Watatu!" Watu wa Kanoni wakapiga vigelegele. "Rugu! Mmoja! Wawili! Watatu!" Vigelegele tena. Nilipofika Bugomora nilikuwa nimekaukiwa na koo. Nikasema "mmoja" kwa sauti ya kawaida, nikateremsha fimbo.

Nyuma kabisa, walikosimama wafugaji wa Bugomora wameegemea fimbo zao, watu walikuwa wanatazamana. Mama mmoja alivuta kitenge chake mabegani akatoka.

Nilijua kwa nini. Hapa ndipo siwezi kujitetea. Sisi wa migombani tunahesabu mikungu bila wasiwasi, lakini mfugaji hahesabu ng'ombe. Anamjua kila mmoja kwa jina, kwa rangi, kwa mkunjo wa pembe, na jioni akisimama mlangoni mwa zizi anajua nani hajafika bila kutaja idadi yoyote. Kunyoosha kidole na kusema "mmoja, wawili" ni kuita simba na maradhi waje kupunguza. Na watoto ni vivyo hivyo. Ukimuuliza mama wa kifugaji ana watoto wangapi, atakutajia majina, au atakwambia "wapo" na kukuuliza kama mvua imenyesha kwenu. Yote hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini nilikuwa katekista, na nilitaka nionekane mtu aliyeelimika. Kwa hiyo nilipaza sauti zaidi.

Mwanzoni ubao ulileta furaha tu, tena furaha ya kupita kiasi. Wazee wa Rugu walinijia wiki iliyofuata.

"Mwalimu, sisi na Kanoni tumelingana?"

"Mmelingana, wazee wangu. Watatu kwa watatu."

"Haiwezekani," akasema mkubwa wao, kama mtu aliyeambiwa shamba lake limehamishwa. Baada ya siku chache alirudi akimsukuma mbele yake kijana mmoja mwenye mabega mapana. "Huyu hapa. Ongeza mstari."

"Mzee, huyu ana ndevu."

"Padri naye ana ndevu."

"Na nimesikia kwao wameshapeleka pombe ya uchumba."

"Itarudishwa."

"Hairudishwi," akasema kijana mwenyewe, na hilo ndilo neno pekee alilotamka siku ile.

Kisha wakaanza kurudi.

Wa kwanza alikuwa wa Kanoni. Alikuja likizo ya Krismasi na sanduku lake la bati, na sanduku likabaki. Alisema Kilatini kinamuumiza kichwa, na tena kule hupita siku tatu mtu hajaona ndizi. Wa pili alirudishwa na barua. Wa tatu alirudi kwa sababu ya binti wa seremala, na ndiye pekee aliyesema kweli. Sitawataja wengine. Itoshe kwamba katika muda wa miaka miwili vijana sita wa parokia yetu walikuwa wanapalilia kahawa za baba zao, na mimi nilikuwa na ubao wa rangi ya mafuta.

Nilijaribu kisu. Kisu kiliondoa rangi kikaacha kovu jeupe la mbao, ambalo lilionekana kuliko mstari wenyewe. Nikapaka masizi juu ya makovu. Mvua ya upande ikaja ikaosha masizi. Nikapaka tena. Jumapili moja Padri mgeni alipita akitokea Bukoba, akausoma ubao uliokuwa umetoka kuoshwa na mvua, akampongeza Padri wetu kwa vijana saba. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisema, "Asante, Padri." Hilo niliungama, nikapewa rozari mbili.

Watu nao walikuwa wameshapata jibu lao. Hawakulaumu Kilatini, hawakumlaumu binti wa seremala. Walinilaumu mimi. Nilipopita njiani nilisikia mama akiita, "Ingieni migombani, yule wa kuhesabu anapita!" Na watoto wangekimbia kujificha nyuma ya migomba, miguu yao ikionekana chini ya majani makavu. Nami, Mungu anisamehe, macho yangu yaliihesabu miguu na kuigawa kwa mbili kabla sijaweza kuyazuia.

"Mwalimu," Padri aliniambia siku moja akiutazama ubao, "kuku wako ananyonyoka manyoya."

"Ni mimi, Padri. Wanasema ni kuhesabu kwangu."

Alicheka mpaka kiko kikazimika. "Kwetu Ulaya hakuna anayeogopa kuhesabu, na wanarudi nyumbani hivi hivi. Wanaondoka wengi, wanafika wachache. Bado una mmoja?"

Nilikuwa na mmoja. Wa Bugomora.

Yeye hakuwa mtoto tena. Alikuwa amevuka seminari ndogo zamani, sasa alikuwa seminari kubwa ng'ambo ya mpaka, Uganda, anavaa kanzu nyeupe na anaitwa fratera, kama wanavyoitwa wote waliokaribia upadri. Kila Jumamosi niliufuta vumbi mstari wake kwa ncha ya kitambaa. Kama huyu angefika, ubao wangu usingekuwa uongo mtupu. Kama naye angerudi, ningeuchoma moto, na labda ningeondoka parokia ile kabisa.

Ndivyo nilivyokuwa wakati mama yake alipokuja.

Alikuwa yule yule aliyevuta kitenge chake akatoka siku ile ya kwanza. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Bugomora, na mkononi alibeba kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi vizuri, kimefunikwa kwa kifuniko cha kusuka. Wote tulijua habari zake. Mumewe alikuwa amefariki. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Mtoto wa kiume alikuwa huyo mmoja tu, na ng'ombe wa marehemu waliangaliwa na shemeji yake, ambaye kila mwaka alizidi kuwaita "ng'ombe wetu" na kila mwaka alilitamka neno "wetu" kwa raha zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi kwenye ngazi ya kanisa, kibuyu katikati ya miguu. Tuliongea Kinyambo, lugha ya kwetu; haya ninayoyaandika ni tafsiri yangu. "Wewe ndiye uliyewahesabu watoto?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku kama hiyo. Nilikuwa na hotuba kichwani, yenye sehemu tatu. "Ndiyo, mama. Lakini Kanisa linatufundisha kwamba kuhesabu hakuna nguvu yoyote ya..."

"Walirudi sita."

"Kila mmoja alirudi kwa sababu zake, mama. Mmoja Kilatini, mmoja..."

"Walirudi sita," akarudia, kwa upole wa mtu anayemngoja ndama mjinga apite mlangoni.

"Sita, ndiyo."

"Wa kwangu hajarudi."

"Hajarudi, mama, na ukitaka nitafuta mstari wake leo hii. Nina masizi..."

"Usifute!" Alinishika mkono. "Nani amekwambia ufute? Nataka umhesabu tena."

Nilidhani sikuelewa. Akanieleza polepole.

"Siku ile nilikuwepo. Kanoni uliwahesabu kwa nguvu, wamerudi. Rugu uliwahesabu kwa nguvu, wamerudi. Ulipofika kwa mwanangu ulikuwa umechoka. Ulisema 'mmoja' kama mtu anayepiga miayo. Sasa yuko kule, na mimi ninazeeka, na yule shemeji ameshaanza kuwapa ng'ombe majina mapya. Majina mapya, mwanangu! Mhesabu vizuri, arudi nyumbani."

Akanisogezea kibuyu.

Kuna watu wangecheka. Mimi niliona aibu ya fundi aliyeonyeshwa ukuta uliopinda. Alikuwa amesema kweli: Bugomora nilihesabu vibaya. Nilimwambia nitafikiri. Alisema nifikiri, lakini maziwa hayakai.

Alipoondoka, mpishi alitokea nyuma ya ukuta, akiwa hana hata haya ya kujifanya alikuwa anapita.

"Mhesabu," akasema.

"Ni ushirikina."

"Kama ni ushirikina, hakitatokea kitu, na mama atatulia. Kama si ushirikina, basi ulichowafanyia wale sita ni kibaya kuliko unavyojua, na mmoja zaidi hataongeza moto wako sana. Utakunywa hayo maziwa yote peke yako?"

Tulikunywa wawili.

Nilimhesabu. Jumapili tatu mfululizo, baada ya watu kutawanyika na yeye mama akiwa amesimama kwenye kona ya ua, nilinyoosha fimbo kwenye mstari uliobaki nikasema kwa sauti kamili, "Bugomora! Mmoja!" Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mnunuzi aliyeridhika na kipimo. Baada ya Jumapili ya tatu akarudi kwao.

Sasa ungamo lililo kubwa kuliko yote. Ningeweza kusema nilifanya hivyo kwa huruma. Ilikuwepo huruma. Lakini ile mara ya tatu, fimbo ikiwa juu, niligundua kwamba nilikuwa natamani ifanye kazi. Nilitamani huyo aliyepewa darasa, kanzu na Kilatini arudi nyumbani akakae na sisi wengine tulioambiwa tumechelewa. Mtu aliyeulinda mstari ule kwa kitambaa kila Jumamosi ndiye aliyekuwa anauombea ufutike. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Kiangazi kilikuwa hakijaisha nilipoona baiskeli ikisukumwa kupanda kilima chetu, na nyuma ya baiskeli sanduku la bati.

Watu walikuwa wameshaiona kabla yangu. "Amerudi! Wa saba amerudi!" Wazee wa Rugu waliokuja kwa mambo ya ubatizo walitazamana kwa faraja isiyofichika, kwa kuwa sasa hakuna kilima kilichowazidi. Mpishi alitoka mlangoni na mwiko mkononi.

Fratera aliegemeza baiskeli kwenye ukuta. Alikuwa mwembamba, mrefu kama watu wao wote, na vumbi lilikuwa limeigeuza kanzu yake rangi ya udongo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Wewe ndiye mwalimu unayenihesabu?"

Nilijifanya nafungua kamba za sanduku lake.

"Nimesikia mpaka kule," akasema akitabasamu. "Nimepewa wiki tatu. Nikirudi nitaapishwa, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo nimekuja kuzungumza na mama kabla."

"Na akikataa, Fratera?"

Tabasamu likapungua. "Sijui, mwalimu. Zizi la baba limebaki na yeye peke yake. Akiniambia nibaki, sijui kama nitaweza kumpa mgongo." Akalipiga kofi sanduku lake. "Ndiyo maana nimekuja na kila kitu. Twende wote. Uje ukaone ulichokihesabu."

Padri aliniruhusu. Nadhani alitaka kujua idadi.

Tulitembea siku mbili, tukibadilishana baiskeli kwenye vilima. Siku ya pili sikuweza tena kubeba lile jambo tumboni. Nilimwambia. Nilimwambia Jumapili tatu, fimbo, maziwa, na jinsi nilivyotamani arudi.

Alisimama. "Jumapili zipi hizo?"

Nikamtajia.

"Aa," akasema, uso umekuwa mzito. "Wiki zile tatu nilikuwa nimelala na homa. Walidhani nitakufa."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa naye, machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake. "Nakutania, mwalimu. Nilikuwa mzima kama fahali." Alipotulia akaniuliza nilijifunzaje kusoma bila mwalimu. Nikamweleza kuhusu magazeti ya chumvi. Hakucheka hapo. Alisema yeye alichapwa ndipo akajua herufi, na kwamba hajui kama angezitafuta mwenyewe.

Tulifika kwao jua likiwa limeinama. Nyasi za Bugomora zilikuwa zimekauka rangi ya simba, na kutoka kila upande ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wanateremka kuelekea zizini, ambako moto wa kinyesi kikavu ulikuwa umeshawashwa kufukuza nzi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chombo cha kukamulia. Alipomwona mwanawe akiwa na sanduku, alinitupia mimi jicho moja tu, la mtu anayemshukuru fundi. Shemeji yake alikuwa kando, ameegemea fimbo, uso umekunjamana.

Salamu zilikuwa ndefu. Kisha mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Simama hapa mlangoni, aliposimama baba yako. Niambie kama wote wamefika."

Sote tulielewa anauliza nini. Fratera alivua viatu, akasimama mahali pa baba yake. Ng'ombe wakaanza kupita mmoja mmoja, wakimgusa kanzu kwa mbavu zao. Aliwatazama kwa upendo, hilo nililiona. Alimpapasa mmoja shingoni. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umeinuka, na kidole cha shahada kimenyooka, na midomo yake ilikuwa inacheza.

Alikuwa anahesabu.

Hakujua kwamba anafanya hivyo. Miaka yote ile ya kuhesabu vitabu, sahani na mishumaa ya altare ilikuwa imeingia kidoleni. Fimbo ya shemeji ilianguka chini. Mimi nilitaka kupiga kelele nimzuie, mimi, mtu wa ubao. Ng'ombe wa mwisho alipoingia, Fratera alimgeukia mama yake kwa furaha.

"Ishirini na watatu, mama. Wametimia?"

Ndama mmoja akalia.

"Wa ishirini na tatu ni nani?" mama akauliza.

Fratera aligeuka kumtazama yule ng'ombe wa mwisho, mwekundu mwenye pembe moja iliyoshuka kuelekea jicho, aliyekuwa amezaliwa mwaka alioondoka yeye, na ambaye mama alikuwa amemwandikia habari zake kwa mikono ya makatekista wengi kabla yangu. Jina lake hakulikumbuka. Akateremsha mkono taratibu, akautazama ule mkono kama si wake.

"Mama," akasema. "Nimehesabu."

"Nimeona."

Nilidhani mama atalia. Alianza kutikisika mabega, akaweka chombo chini, akafunika mdomo kwa kitenge, na ndipo nikajua anacheka. Alicheka mpaka shemeji naye akacheka kwa woga, na Fratera akasimama katikati ya zizi, ameshikwa na aibu, na kinyesi mpaka kwenye vifundo. Mwishowe mama alifuta macho, na alipoyafuta yalikuwa yanatoka machozi ya namna nyingine.

"Nenda ukanawe miguu, Padri," akamwambia.

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Fratera alibaki amesimama mpaka mama akarudia.

Asubuhi, wakati nafunga mzigo wangu, mama alinijia.

"Kuhesabu kwako hakukufaa kitu, mwalimu."

"Hapana, mama."

"Kwake yeye ndiko kulikofaa. Mtu anayenyooshea kidole zizi la baba yake, ningemweka mlangoni kwa miaka kumi na bado angekuwa mgeni." Akatazama upande wa ng'ombe. "Basi nirudishie kibuyu changu."

Kibuyu kilikuwa Kanoni, siku mbili nyuma, na mpishi alikuwa amekigeuza cha kuwekea chumvi. Niliahidi kukirudisha. Akauliza kama kitarudi na maziwa.

Fratera alikaa wiki zake tatu, akarudi Uganda. Hakuapishwa peke yake. Mwaka uliofuata aliwekewa mikono pamoja na wenzake wa Bukoba, ambao kama mpishi alivyosema walikuwa wengi, na wa kwetu alikuwa huyo mmoja. Alipokuja kusoma misa yake ya kwanza katika kanisa letu, watu walijaa mpaka migombani. Wazee waliowahi kumchapa kwa kuwaachia ndama waingie shambani walipiga magoti kupokea baraka yake, wengine wakimwangalia mkono kwa tahadhari. Wazee wa Rugu waliniuliza kama padri wa Bugomora anaweza kuhesabiwa pia kuwa wa Rugu, kwa kuwa nyanya yake aliolewa kutoka kwao. Niliwaambia simhesabu mtu.

Mama aliketi mbele. Alipotoka nilimpa kibuyu chake, nimekifukiza mwenyewe mara tatu kwa kuogopa kuwa hakikunukia vizuri. Alikinusa. "Kina chumvi," akasema, akakibeba. Ng'ombe walikuwa wameshakwenda kwa shemeji, isipokuwa wawili aliowabakiza, yule mwekundu na ndama wake.

Ubao niliushusha siku ile ile. Mpishi aliuomba akautia mlangoni mwa banda la mbuzi, na rangi ya dirisha bado ipo.

Siku hizi vijana wanaoondoka kwenda seminari ni wengi kuliko wakati ule, na wanaorudi nyumbani ni wengi vilevile. Padri bado ananiuliza ni wangapi. Mimi humtajia majina yao, mmoja mmoja, na yeye huhesabu kwa vidole vyake mwenyewe.